Maganda ya Mutu Mumoja

Kule Mabanga, mjini Goma, nyuma ya lango la bati lililopigwa rangi ya bluu, anaishi Mama Bulonza, mjane wa marehemu Damien aliyekuwa karani. Majirani wanamwita Mama Joviale, kwa jina la binti yake wa pekee. Joviale huyo yuko Kampala, ni mwaka wa sita sasa, anafanya kazi hotelini.

Joviale ni mutoto mwema, hakuna anayekataa. Ila alikuwa na tabia moja: ukimlalamikia jambo, anakutumia linki. Mama alisema goti linamuuma, ikaja linki ya magoti. Baada ya Pasaka akasema kijana wa mkokoteni wa taka hapiti tena kwenye avenue yao na takataka zinaoza mlangoni. Zikaja linki tatu kwa mpigo. Moja ilikuwa ukurasa wa Kifaransa wenye orodha ya vitu vinavyooza na visivyooza. Ya pili, video ya dada mmoja mwenye Kiswahili cha redioni, akifundisha kugeuza taka za jikoni kuwa udongo. Ya tatu ilikuwa ya kuingia kikundi cha simu ambamo watu wanaonyeshana ndoo zao.

"Jaribu, Mama," Joviale alisema. "Udongo ukiiva nitakupigia kwa video, unionyeshe. Na mwezi wa kumi na mbili nitaomba congé, nije nyumbani. Sipendi vile uko peke yako."

"Nani amekuambia niko peke yangu?" akajibu Mama Bulonza, na kichwa akakiinua kana kwamba simu inamwona.

Lakini moyoni alilishika lile neno, mwezi wa kumi na mbili. Alitaka binti yake aje. Hakutaka aje kwa huruma, kama mtu anayekuja kuangalia mgonjwa. Aje kwa kuwa nyumbani kuna kitu cha kuona.

Basi akaanza. Alikomea darasa la sita, na la sita la wakati ule mtu alitoka anajua kusoma. Akachukua daftari, akasimamisha video kila baada ya sentensi, akaandika. Nyama hapana. Mafuta hapana. Majivu kidogo tu. Maganda mabichi safu moja, makaratasi makavu safu moja, kugeuza kila wiki. Chupa za plastiki, yule dada alisema, zipelekwe kituoni. Hapo Mama Bulonza alicheka peke yake. Kituo gani? Goma hii chupa inakufa lini? Leo ina maji, kesho mafuta ya mawese, keshokutwa inauzwa sokoni na maziwa ndani.

Kisha yule dada akasema: chimba shimo. Mama Bulonza akachukua mtarimbo wa marehemu, akapiga asubuhi nzima. Parseli yote, kiwanja kizima, ni jiwe la volcano. Hata Damien alizikwa mbali, palipopatikana udongo. Alipata kishimo cha kuweka yai, na malengelenge mikononi. Kwenye kikundi wakamwambia atumie ndoo mbili, atoboe matundu chini. Akatoboa kwa msumari wa moto.

Ndoo zilipokuwa tayari ndipo alipoona tatizo ambalo hakuna linki iliyolitaja. Video ilisema ndoo ya familia hujaa kwa wiki moja. Yake, mwezi ulipita, ilikuwa na maganda ya viazi vitatu vitatu, mabua ya mboga ya lengalenga na ngozi ya kitunguu, yote yamekauka chini kabisa. Mutu mumoja hawezi kuoza haraka. Alichungulia ndani, akafunika.

Alifikiri siku mbili. Kule kwao Walungu, upande wa Bukavu, maganda yalikwenda shambani kwa migomba, na hakuna aliyehesabu nani amekula. Hapa Goma mwanamke akiomba maganda kwa jirani, ana mifugo au ana njaa. Kwa hiyo alipobisha kwa jirani yake Aziza, mwenye watoto saba na mume dereva, alisema bila kupepesa macho: "Ninafuga dende."

Dende ni vile vinyama vidogo kama panya wasio na mkia, watu wa upande wa Bukavu wanavifuga jikoni. Aziza akafurahi. Tangu siku ile kila asubuhi likaja beseni la maganda ya viazi, ndizi na mihogo, na ndoo zikapanda.

Mwezi wa saba Aziza akaja mwenyewe.

"Mama Joviale, uniuzie dende mbili. Mutoto wangu wa mwisho anazililia."

"Ziko... zimelala."

"Dende kulala mchana? Acha niangalie." Akaingia jikoni, akainama chini ya kichanja cha mabao, akatoka. "Haiko hata moja! Mama, yale maganda yetu yote unayala weye?"

Akacheka mpaka akajishika kiuno. Mama Bulonza, uso ukiwaka, akamwonyesha ndoo. Akaeleza safu, matundu, Joviale, simu ya video. Aziza akachungulia ndani ya ndoo.

"Si ungesema tu ukweli, kama hauna batu ba kukulia viazi."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana ilichoma. Maganda hayakukoma.

Mwezi wa tisa udongo uliiva, mweusi, unanuka kama mvua ya kwanza. Mama Bulonza akavaa kitenge cha misa, akaketi karibu na ndoo, akapiga simu ya video. Joviale akatokea akiwa amevaa nguo za kazi.

"Mama! Ee, ndoo mbili? Zimejaa hivi?"

"Zimejaa."

"Na ile beseni pembeni, yote ni ya leo?"

"Ya leo."

Joviale akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe kwako kunakulwa hivyo! Nani anakaa hapo? Batoto ba shangazi balirudi?"

Mama Bulonza alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi: ni ya Aziza. Maneno matatu. Lakini kichwa chake kilikuwa kimekwisha kuinuka.

"Niko na batu," alisema.

"Asante Mungu. Mama, nilikuwa nalala vibaya juu yako. Basi acha nikuambie: patron wa hoteli hapendi congé ya Noeli, ndipo wageni ni wengi. Kama uko na batu, nitakuja mwaka kesho, baada ya Pasaka. Si ni sawa?"

"Kazi ni kazi, mwanangu. Usiiharibu."

"Nakupenda, Mama. Wananiita huku."

Simu ikazimika. Mama Bulonza akaishika bado, jina la Joviale liko palepale juu, na kidole kikakaa hewani juu yake muda mrefu kabla ya kushuka, kitupu, mapajani.

Akavua kitenge, akakikunja. Kisha akaleta viazi, akaketi, akamenya. Alipofika cha tatu hakuacha. Alimenya kumi na viwili, akavipika vyote, akapakua vyake vitatu, na vya batu akavifunika sufuriani.