Faili la Mazishi ya Mama Teresa

Nimefanya kazi na Nashon Wangila miaka kumi na nne, na sijawahi kumwona akienda likizo ya zaidi ya siku tatu. Msidhani namsifu. Namhurumia, na siku nyingine ananiudhi mpaka natamani kumrushia gundi.

Mimi ni Sitti, Mnubi wa Kibuli. Kazi yangu ni kukunja karatasi na kubana vitabu katika kiwanda cha Hajji Dawudi, mtaa wa Nasser hapa Kampala, chumba cha chini ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Nashon hukaa mkono wangu wa kushoto. Ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, mtu wa miaka hamsini na mbili, na yeye ndiye mpanga kurasa wetu: kadi za harusi, ripoti za shule, kalenda za misikiti na za makanisa. Vidole vyake vinakimbia kwenye kibodi macho yakiwa kwingine, na akikosea herufi moja hukasirika kama ametukanwa.

Kompyuta yake ni kuukuu, ya Windows. Programu anayopangia kurasa ni toleo la tatu, lilikuja kwenye sidii wakati mwanangu wa kwanza anaanza shule, na mwanangu sasa ana mke. Haibadilishwi kwa sababu moja. Mashine yetu ya kutoa pleti, yale mabati membamba yanayobeba kurasa kwenda kuchapwa, inaisikiliza kompyuta hiyo tu. Tuliwahi kuiunganisha na kompyuta mpya, ikawasha taa nyekundu siku mbili mfululizo. Na kompyuta yenyewe inamsikiliza Nashon tu. Ukigusa wewe, inaganda. Yeye anajua pa kugonga, pa kusubiri na pa kuzima halafu kuwasha.

Kwa hiyo kila akiomba ruhusa Hajji humuuliza, "Sasa pleti atatoa nani?" Nimemwambia mara nyingi amfundishe mtu. Hataki. Akimfundisha mtu, anasema, hawatamhitaji tena. Amejijengea boma, akaingia, akafunga mlango kwa ndani, halafu analalamika hakuna hewa.

Jumapili mama yake alifariki. Mama Teresa, miaka themanini na mitatu, mazishi Jumamosi nyumbani Bungoma. Hajji alimpa ruhusa bila kuuliza swali lake, akatoa na karatasi za kuchapia, maana ukoo ulikuwa umeshakata shauri: kitabu cha mazishi kitachapwa na Nashon wa Kampala, nakala mia sita, na yeye mwenyewe atakuja nazo kwa basi la Alhamisi jioni. Kwao maiti haiendi kaburini bila kitabu. Humo mna picha, ratiba ya ibada, wasifu wa marehemu, halafu orodha ya watoto, kila mmoja na kazi yake na mji anaokaa. Watu hukihifadhi kabatini miaka na miaka, na wageni husoma ile orodha ya watoto kabla ya kitu kingine chochote.

Aliyekitengeneza ni Vera, binti wa dada yake, anayechora matangazo Nairobi. Alikipanga kwenye kompyuta mpya ya Mac, kwa programu ile ile ya Nashon lakini toleo la mwaka huu. Jumatano asubuhi faili likawa limefika.

Likakataa kufunguka. Kompyuta ilisema limetengenezwa na toleo jipya zaidi, basi, haikuongeza neno. Nashon akajaribu tena, na tena. Akabadilisha zile herufi za mwisho za jina la faili, kama mtu anayebadilisha kofia ili askari wa geti asimtambue. Halikudanganyika. Akampigia Vera, na kwa kuwa simu yake imeharibika sikio, huongea kwa kipaza sauti na sote tukasikia.

"Pole, Anko. Hiyo si shida, nakurudishia nyuma sasa hivi," Vera alisema. "Kwani yako ni toleo gani?"

"La zamani kidogo."

"La ngapi?"

Nashon alikohoa. "La tatu."

"Anko, yangu ikirudi nyuma sana inafika la nne. Chini ya hapo haishuki. Lakini kiwanda chako chote, si mnayo kompyuta ingine?"

"Tuko katika kubadilisha mitambo," Nashon alisema, na mimi nikamtazama. Mitambo gani?

Akatoka kwenda kutafuta toleo la nne, kwa sababu lenyewe lingeweza kulipokea faili la Vera na kulishusha hatua ile moja. Alizunguka mtaa mzima, ngazi juu, ngazi chini. Hakuna aliyekuwa nalo. Waliokuwa na la tatu walirukia la sita, na wenye la sita wakamwambia kulifungua wataweza, kulishusha mpaka la tatu hawataweza. Hatua moja tu, jamani, na hakuna mtu Kampala aliyewahi kuikanyaga. Alirudi shati limemganda mgongoni.

"Bwana Wangila," nikamwambia, "wacha ile watu ya la sita wakutolee pleti huko huko. Shida iko wapi?"

"Mama yangu achapwe kwa jirani?"

"Jirani ni mtu mbaya?"

"Sitti, kitabu lazima kitoke hapa. Kitoke hapa kabisa."

Sikumwelewa, na nikaudhika. Niliona ni kiburi tu, kiburi cha fundi mzee. Nilirudi kwenye karatasi zangu nikazikunja kwa hasira.

Mwishowe Vera alituma faili la kusoma tu, lile lisilotaka programu. Kwenye simu lilisomeka vizuri. Kwenye kompyuta ya Nashon kila herufi ilitawanyika peke yake, na mahali pa picha ya mama yake palikuwa na mraba mweusi. Aliutazama ule mraba muda mrefu. Kisha akafungua ukurasa mtupu akasema, "Nisomee, Sitti. Tunaandika upya."

Kurasa kumi na sita. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Hapa niwaeleze sheria ya kiwanda chetu. Zamani kadi moja ya harusi ya watu wa Ntinda ilitoka na jina la bibi harusi wa wiki iliyopita, maana Nashon alikuwa ameazima kadi ya kwanza kutengenezea ya pili, akasahau kulifuta. Tangu siku hiyo Hajji aliamuru: kila kazi inayoandikwa hapa kwetu isomwe kwa sauti, mmoja anasoma, mwingine anafuata, na msomaji haruki, haongezi wala hatoi maoni. Koma inasomwa koma. Nimesoma hivyo miaka mingi mpaka mdomo wangu unafanya kazi bila kuniita.

Basi nilisoma, simu yake mkononi, miwani puani, na Nashon anaandika. Hajji Dawudi alikuwa mezani kwake karibu na mlango, anakunywa chai yake ya tangawizi. Tulisoma alivyozaliwa Mama Teresa, alivyobatizwa, alivyoolewa, alivyobaki mjane na watoto watano na ekari mbili za mahindi. Nashon aliandika yote bila kutetereka. Tukafika ukurasa wa tisa.

"Marehemu ameacha watoto watano nukta," nikasoma. "Wa kwanza ni Byron koma mwalimu mkuu mstaafu koma Kimilili nukta. Wa pili ni Nashon koma mkurugenzi na mmiliki wa kiwanda cha uchapaji koma Kampala koma Uganda nukta."

Neno "nukta" lilikuwa limeshatoka ndipo akili yangu ikanifikia.

Kibodi ilikuwa imenyamaza. Sikuthubutu kugeuka. Laiti faili lingefunguka asubuhi, angeupita ukurasa ule peke yake, kimya kimya, akatoa pleti, vitabu vikapanda basi vikavuka mpaka, na hakuna mtu wa chumba hiki ambaye angejua. Sasa nilikuwa nimeusoma kwa sauti ya mwadhini, na mmiliki mwenyewe ameshika glasi ya chai. Niliona haya kama mimi ndiye niliyedanganya.

"Nitaifuta, Hajji," Nashon alisema. "Ni maneno ya watoto."

"Watoto gani?" Hajji aliuliza. "Hii maneno walitoa wapi?"

Ikamtoka yote. Kwamba alipokuja Kampala alimwandikia mama yake kuwa ameanza kazi ya uchapaji. Mama akasoma barua kanisani, na watu wakauliza, kiwanda ni chake? Kwenye barua ya pili akaandika ndiyo. Mwaka huo lilikuwa neno dogo. Baadaye likawa kubwa, akashindwa kulirudisha. Kila Krismasi ilikuwa rahisi zaidi kubaki Kampala kuliko kwenda nyumbani kuulizwa habari za kiwanda.

Mimi nilidhani Hajji atapiga meza. Ni mtu wa kupiga meza. Lakini aliweka glasi chini polepole, akavuta kiti mpaka karibu na Nashon.

"Wangila, mama yako alikuja hapa," alisema. "Ile mwaka aliletwa Kampala kutibiwa macho."

"Najua. Mimi ndiye nilimwonyesha mashine."

"Wewe ulimwonyesha mara ya pili. Mara ya kwanza alikuja mwenyewe. Wewe ulikuwa umeenda soko ya Owino. Alikaa pale kwa benchi. Akaniuliza, mwenye kiwanda nani? Nikamwambia ni mimi. Akauliza, na Nashon? Nikasema Nashon ni mfanyakazi yangu, namba moja, sina mwingine kama yeye. Chai niliyompa akakunywa yote. Alafu akaniambia, Hajji, tafadhali, usimwambie nimekuuliza. Akatoka, akasimama kule kwa mtu wa chapati, akakungoja kule kama ndiyo anafika."

Siku hiyo nilikuwa Bombo kwenye harusi, sikuwahi kuijua habari hii. Nashon alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake.

"Nilimwambia kwa lugha yetu, Mama, hizi zote ni zangu," alisema. "Akashika ile mashine kubwa kwa mkono. Akasema Mungu ni mwema."

"Kale, sawa," Hajji alisema. "Na mimi nikanyamaza. Aliniomba."

Nashon alichukua simu mikononi mwangu akampigia Vera. Sauti yake ilikuwa ngumu. Alimwambia kwamba kuna mstari ukurasa wa tisa anaubadilisha, hapo penye jina lake, ataandika mfanyakazi, fundi wa kupanga kurasa, basi.

"Hapana, Anko, tafadhali!" Vera alisema. "Hayo si maneno yangu, ni ya bibi. Kukhu aliniandikisha mwenyewe hospitalini, mtoto mmoja mmoja, na ya kwako akanifanya nimsomee mara mbili. Akasema hiyo hata koma isiguswe. Mama yangu na Anko Byron walikuwa hapo, wote walisikia."

"Alisema hivyo? Mkurugenzi na mmiliki?"

"Kwa mdomo wake, Anko. Alitabasamu hata."

Alizima simu akaiweka juu ya kibodi. Machozi yalimshuka bila sauti, mtu mzima, na sisi wawili tukawa tunatazama sakafu. Mimi niliwaza: huyu mama alimsamehe mwanawe, kisha akamfungia uongo ule ndani ya wasifu wake mwenyewe ili usije ukamwaibisha mbele ya watu. Nani atasimama kaburini asahihishe maneno ya marehemu? Na akishayaacha, atayaishi mpaka lini? Kitabu kitakaa kwenye makabati mia sita.

"Miaka kumi na moja, Sitti," Nashon alisema. "Alijua miaka kumi na moja. Angeniambia siku moja tu, mwanangu, inatosha. Siku moja tu. Ningeenda nyumbani."

Nilimpa kitambaa changu cha kichwani kile cha akiba. Hakukichukua.

Alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Aliandika pole pole, yeye ambaye vidole vyake hukimbia, akiutazama kila ufunguo kama mwanafunzi: mkurugenzi, na, mmiliki. Hajji alisimama nyuma yake akiusoma mstari unavyotokea, na alipoona umekamilika akamwekea mkono begani.

"Jumamosi wakikuuliza, kiwanda ni yako," alisema. "Mimi sitakukana, hata wakipiga simu hapa. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi nakutaka kwa hii kiti. Kuna ripoti ya shule, na pleti hakuna mtu mwingine wa kutoa."

"Ndiyo, Hajji," alisema mkurugenzi na mmiliki, akafuta uso kwa mkono wa shati, akaniomba nimsomee jina la dada yake.