Mdomo wa Mdiria, Jino la Popo

Mgeni, mtembezi wa nchi nyingi aliyekuja kuandika juu ya ndege wa maji, alifika bwawani matope yamemganda magotini, jua halijachomoza vizuri. Akamkuta Mama Nyavu amekunja ngumi.

"Karibu, usiogope, hakupigi," alisema shemeji yake, mshika daftari la vipimo. "Ana ngumi hiyo tangu alfajiri."

Mama Nyavu hakucheka. Miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kunasua viumbe wavuni, kuwapima na kuwaachia. Ndege alikuwa akimshika kwa mkono mtupu, maana glavu haisikii mguu mwembamba kama njiti. Popo, glavu nene. Leo, saa ile popo anarudi kulala na mdiria anaamka kuvua samaki, wote wawili walinasa pamoja. Yeye aliona manyoya ya buluu tu, akaingiza mkono. Kitu kikamchoma.

Mdiria alishaachiwa. Popo alikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, akikwaruza.

"Mdomo wa mdiria hubana kama koleo," alimweleza mgeni. "Huacha mstari. Popo ana meno kama sindano."

"Na wewe umeachiwa nini?"

Akakunjua ngumi. Kidoleni, vitone viwili.

Shemeji akaacha utani. Wote wawili walimkumbuka fundi aliyewatangulia: aliumwa na popo mwenye kichaa cha mbwa, akaficha asije akaondolewa kazini, na siku zake za mwisho alitetemeka akiona kikombe cha maji. Tangu alfajiri Mama Nyavu alikuwa akilikodolea macho bwawa, akijiuliza kama analiogopa.

"Chanjo ya mwaka jana ulichomwa, shemeji?"

"Si nilikwambia nimechomwa?"

"Sikuulizi uliniambia nini."

Mama Nyavu akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi..."

"Usiimalizie, shemeji. Tafadhali."

Wakamsugua kidole kwa sabuni, robo saa nzima, mgeni akimimina maji ya dumu. Tone la kwanza lilipomgusa, mkono ukaruka wenyewe.

"Ya baridi haya, eti?" Mama Nyavu aliuliza upesi.

"Ya baridi," mgeni aliitikia. Yalikuwa vuguvugu.

Shemeji akawasha pikapu kwenda hospitali. Mama Nyavu akapanda, mfuko wa popo mapajani, popo naye akapimwe kichaa.

"Zikunje nyavu," alimwambia mgeni dirishani. "Hata ukiona buluu, vaa glavu."

Gari likaondoka. Wavu wa pili ukatikisika. Mgeni akavaa glavu.