Mama Alikuwa Bado Anasalimia

Mimi ni mtu wa haraka, wala sioni haya kusema. Miaka ya kazi ya ofisini hapa Dodoma imenizoesha kusalimia huku nawasha kompyuta. Mama yangu, mkulima wa uwele upande wa Mvumi, hajawahi kunisamehe kwa hilo. Kwake salamu ni kazi kamili: mbukwa ya Kigogo kwanza, kisha watoto, kisha mbuzi, kisha mvua. Habari zote huwa nzuri, hata kama mbuzi wamekufa. Shida husubiri mwisho, na mlango wake ni mmoja tu, neno "ila".

Alipokuja kunitembelea alikuwa amekonda, anamaliza jagi la maji kabla ya chai. Nikampeleka zahanati ya jirani. Alikataa niingie naye, eti mtu mzima haswagwi kama mbuzi. Nikakaa kwenye benchi, nikawa nasikia yote kupitia pazia.

"Shikamoo mama," alisema daktari, kijana mpole wa Kanda ya Ziwa. "Unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Naendelea vizuri."

"Unakula? Unalala?"

"Nakula, nalala. Vizuri tu."

Foleni ilikuwa imefika getini. Akamwandikia vidonge vya vitamini. Wiki iliyofuata tukarudi: jibu lilelile la "vizuri", vitamini zilezile.

Nililipuka palepale uwanjani. "Mama! Umekuja hospitali kumwambia daktari kwamba u mzima?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa mwanangu, nilikuwa bado nasalimia. Yeye ndiye aliyekimbia."

Hasira ikaniisha, ikaja aibu. Nilikumbuka simu zote nilizomkatia alipofika tu kwenye "nzuri". Nikamshika mkono, nikaingia naye bila kupanga foleni, watu wakaguna.

"Daktari, samahani. Mama yangu hajamaliza kukusalimia."

Alitazama foleni, akanitazama mimi. Halafu akaweka kalamu chini, na kwa hilo nitamheshimu daima.

"Habari za Mvumi, mama?"

Mama akakaa vizuri kwenye kiti. Akaeleza mvua ilivyochelewa, ndege walivyoshambulia uwele, kwaya ilivyopata mwalimu mpya. Mimi nilikuwa nauma midomo. Daktari akaitikia moja baada ya jingine.

"Ila mwanangu," mama akasema hatimaye, "nilichomwa na mwiba shambani. Uliniuma sana. Sasa mguu hauumi kabisa, namshukuru Mungu."

Daktari aliruka kitini. Alipiga magoti, akamvua kiatu mwenyewe, akafungua kitambaa. Chini ya unyayo kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda, kimeanza kuwa cheusi. Alikigusa, mama hakushtuka. Wakampima damu: sukari ilikuwa juu mno, ndiyo iliyoua hisia za mguu.

"Tungechelewa," daktari aliniambia pembeni, "tungeukata huu mguu."

Nililia bila kujificha. Kisha nikafanya kazi. Kwa miezi nilisafisha kidonda kila asubuhi kabla ya ofisi, nikampunguzia ugali huku akinitukana kwa Kigogo, nikamhesabia vidonge. Nyama mpya ikaota taratibu, nyekundu na safi. Siku bandeji ya mwisho ilipotoka, daktari alipiga makofi, na mama akamsalimia upya, kuanzia mbuzi.

Watu husema wazee wetu hawajui kujieleza. Uongo mtupu! Wanajieleza vizuri sana kwa anayengoja. Siku hizi daktari yule huwauliza wazee wote, "Ila?", kisha hunyamaza.

Mwaka huu, kwenye harusi ya mpwa wangu, mama aliingia katikati ya ngoma akakanyaga ardhi mpaka vumbi likatufunika. "Miguu miwili!" alipiga kelele. "Hesabuni wenyewe!"

Jana nilimpigia simu. Watoto wazuri, mbuzi wazuri, mvua nzuri. Sikukata. Nilisubiri, naye akasubiri.

"Ila?" nikauliza.

Akacheka. "Leo hakuna ila."