Chupa Isiyotoa Pumzi

Papa Cikuru, karani mstaafu wa depo ya maharagwe, alikuwa na koo lililodekezwa kuliko kitinda mimba. Kabla ya kuimba zaburi kanisani lazima alilainishe kwa bushera, kile kinywaji cha mtama ambacho mke wake, Mama Nyiramahirwe, hupika kama walivyomfundisha kwao Kalengera. Cikuru mwenyewe ni mtu wa upande wa Bukavu, na kabla ya kuoa hakuijua bushera hata kwa jina. Lakini siku alipoionja ukweni aliimba mpaka wakwe wakasahau kumuulizia habari ya ng'ombe wa mahari, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumshawishi kwamba sauti yake haitoki kwenye mtama.

Chupa yake ndiyo ilikuwa balaa. Ni ile ya plastiki ya maji ya dukani, ya kunywa ukatupa, ila yeye hakuitupa. Ilikuwa imejikunja kiuno kwa kutiwa vitu vya moto, imejaa mikwaruzo ndani, imefifia mpaka huoni kilichomo, na kizibo chake kimepasuka ubavuni. Bénita, binti yake wa pekee, alikuwa ameinunia chupa hiyo tangu yuko shule ya msingi. Sasa alikuwa anaolewa Jumamosi na Lévi, kijana mpole wa mtaa wa Lac Vert, na akaona saa ya kusema imefika.

"Papa, zaburi utaimba weye, mutu mwingine simutaki," alimwambia. "Lakini ile chupa isifike ku kanisa. Iko na uchafu ndani wenye hakuna mutu anaweza kusugua. Itakuletea magonjwa."

Cikuru alikubali papo hapo, kisha akatoka nje kwenda kuogopa peke yake. Maana tangu siku zile za vita, risasi zilipolia mjini Goma, hakuwa amesimama tena kuimba mbele ya watu. Alikuwa amejaribu bafuni, sauti ikafika katikati ya zaburi na kukatika. Hakumwambia mtu, hata mke wake. Ikikatika Jumamosi mbele ya mtoto wake mmoja, ataweka wapi uso? Basi akaishikilia habari ya chupa kwa mikono miwili, kwa sababu chupa angalau inanunuliwa.

Alhamisi akashuka sokoni Birere, kwa Mama Charline, muuza vyombo mwenye mdomo mtamu kuliko bidhaa zake. Loo, huyo mama siku hiyo alikutana na mteja! Cikuru alifungua chupa moja baada ya nyingine, akafumba macho na kuzinusa kama mtu anayenusa supu. Ya waridi ilinuka ndala mpya, akairudisha. Ya bluu ilikuwa nzuri sana kwa nje, lakini alipoikwaruza ndani kwa ukucha rangi ikabanduka, naye akauliza kwa heshima zote kama rangi hiyo inauzwa pamoja na maji. Nyingine ilikuwa na mdomo mwembamba, kidole hakiingii, sembuse brashi. Watu walianza kusimama kutazama, dereva mmoja wa pikipiki akazima kabisa injini yake asikose neno.

Mwishoni Charline akainama chini ya meza na kutoa moja ya chuma kisichoshika kutu, mdomo mpana, ndani hakuna rangi wala harufu, na kizibo chenye mpira unaotoka ukaoshwa peke yake. Cikuru akaijaza maji, akakaza kizibo, kisha akavua kofia, akaigeuza chupa juu ya upara wake mwenyewe na kuitikisa. Watu wote wakangoja. Halikudondoka hata tone.

"Muzee, hiyo ukiifunga, hata pumzi haitoki," alisema Charline kwa fahari.

Cikuru alipanda kwenda nyumbani akiwa mwepesi kama ameokota kitu. Aliiosha chupa kwa maji ya moto na sabuni, akaikausha, akawapigia simu ndugu wa Bukavu kuwaeleza habari ya mpira wa kizibo. Wale walitaka kujua habari ya harusi, wakaambulia mpira wa kizibo.

Ijumaa asubuhi Nyiramahirwe alimjazia bushera hadi shingoni. Cikuru akaifunga kwa nguvu zake zote za ukarani na kuiweka karibu na mbabula, lile jiko la makaa, kama alivyozoea kuiweka ile ya zamani, ili ichachuke kidogo na kushika utamu. Nani angekumbuka kwamba ile ya zamani ilikuwa na kizibo kilichopasuka? Miaka yote hiyo bushera ilikuwa ikihema kupitia ule ufa. Sasa ilifungiwa ndani ya chuma, kwenye joto, mchana kutwa na usiku kucha, ikikusanya hasira. Jumamosi ikapandishwa gari la harusi, ikarukaruka juu ya mawe ya volkano kwa mwendo wa honi na vigelegele, huku mwenye nayo ameipakata na kuipapasa.

Kanisa lilijaa pomoni. Somo la kwanza likaisha, naye Cikuru akapanda kwenye mimbari na suti yake ya kijivu. Alimtazama Bénita ndani ya shela, na mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa. Akaileta mbele ya mdomo, yaani mbele ya mikrofoni, na kuzungusha kizibo.

Paa!

Spika zote za kanisa zikaupokea mlio huo na kuuongeza. Na nyinyi mnatujua watu wa Goma: mlio kama huo hatuuulizi umetoka wapi, tunalala kwanza. Kanisa zima likaenda chini kwa pamoja, shangazi na vitambaa vyao vipya, waimbaji wa korali na vitabu vyao, padri nyuma ya altare. Kizibo kiligonga dari na kurudi kikaviringika polepole katikati ya kanisa, na hapakuwa na sauti nyingine yoyote.

Aliyebaki amesimama ni Cikuru peke yake, bushera ikimchuruzika puani, kidevuni, mpaka kwenye tai. Aibu ilimpanda, akatamani sakafu ipasuke. Kisha akauona ukumbi ule mzima wa watu waliolala, watu wake, wanaogopa mlio uleule anaouogopa yeye, na akajua hakuna wa kuwaambia kwamba ni bushera tu isipokuwa yeye. Akalamba midomo. Ilikuwa imechachuka vizuri sana.

Akaimba. Hakueleza chochote, aliianza tu zaburi, na sauti ikatoka, ikafika pale katikati ilipozoea kukatika, ikapita. Chini, mahali fulani kwenye benchi la mbele, Nyiramahirwe akanusa hewa, akaijua bushera ya mikono yake, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko hicho akaitikia kiitikio bila kuinuka. Jirani yake akaitikia. Kisha kanisa lote, tumbo chini, wengine machozi ya kicheko yakiwatoka, wengine machozi mengine, wakamwitikia Papa Cikuru kutoka sakafuni.

Ubeti kwa ubeti wakaanza kusimama, benchi baada ya benchi, wakijipangusa na kuimba. Padri alitokeza kichwa kwanza, halafu na yeye akaitikia. Wa mwisho kabisa alikuwa Bénita, naye alikuwa anaimba kuliko wote na kumtazama baba yake, lakini kuinuka hakuweza, kwa sababu Lévi alikuwa bado ameilalia shela.