Ushauri wa Maman Émérance kuhusu Samos

Jumamosi moja Anaïs aliingia saluni kwa Berthe, ndani ya Galerie d'Ixelles mjini Brussels, akamkuta Maman Émérance kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Wawili hao hutunza wazee katika nyumba moja huko Berchem-Sainte-Agathe. Anaïs ni binti wa Lubumbashi, bibi harusi wa juzijuzi. Émérance ni mama wa Uvira, wa umri wa kumzaa.

"Maman, Dieu merci nimekupata! Mimi na Guylain tunaenda Samos, kule Ugiriki. Ku kazi banasema ulikaaka kule. Unipe basi conseils."

Vidole vya Berthe vikasimama katikati ya msuko. Émérance akamwambia aendelee tu.

"Bon. Musiogelee muchana. Upepo wa kule unaamkaka saa ya chakula, maji inakasirika. Muende asubui, bahari ikiwa ingali inalala. Mukate, musinunue ku port, kwenye mashua. Mupande ngazi nyuma ya kanisa la Wakatoliki, kuko maman moja anatia ufuta. Umusalimie kwanza, kalimera. Usipomusalimia, atakupa wa jana."

Anaïs alicheka, na Émérance akakolea. Akamweleza tini za mwezi wa nane zinavyoiva, mbwa wa kule wasiouma ila kelele tu, na kwamba mwenye kiu abishe mlango wowote wenye chungu cha mrihani, hatanyimwa maji.

"Eh, Maman, unajua yote! Mulikuwa mu hôtel gani?"

"Tulikuwa juu kabisa ya muji. Bahari yote tulikuwa tunaiona."

Hakudanganya. Hema lao lilikuwa kwenye mteremko wa mizeituni, limebanana na mamia ya mahema mengine, na bahari ilionekana yote, hadi milima ya Uturuki walikotoka kwa mtumbwi wa mpira. Hema la Berthe lilikuwa la jirani.

Na kila alichomwambia Anaïs kilikuwa cha mumewe, Polycarpe. Huyo alikuwa mtu asiyejua kukaa. Wenzake walipojipanga foleni ya chakula tangu alfajiri, yeye alimshika mkewe mkono: "Twende, Émé. Tusikae hapa sawa magunia. Tuko mu kisiwa, tukitembelee." Wakakitembelea kwa miguu, kiangazi kizima, huku wakingojea majibu ya ukimbizi yasiyokuja. Alisalimia kila bibi kizee aliyekaa mlangoni, mpaka wakaanza kumwita kwa jina.

Kipupwe kilichofuata, kifua kilimbana. Hema liliingia maji, godoro likalowa, homa ikapanda. Alipofikishwa hospitali hakuwa akimtambua mtu. Walimzika pembeni mwa makaburi ya mji, kwa kibao cha mbao. Majibu yakaja baadaye, ya mtu mmoja.

Huko Brussels, watu walipomwuliza mumewe yuko wapi, Émérance alijibu, "Yuko Samos," basi. Hakukaa matanga. Alijiambia atayakaa siku atakapompeleka Uvira kulala kwao.

Anaïs alipoinuka kuaga, Émérance akamshika kiganja.

"Moja tena. Nyuma ya muji kuko makaburi. Ukipata nafasi, si lazima, utafute Polycarpe. Ni bwana yangu. Umumwangie maji kidogo. Umwambie niko muzima."

Anaïs akakaa tena. Alimtazama Berthe, akamtazama Émérance.

Mwezi wa nane simu ililia Émérance akiwa bustanini kazini, saa ya mapumziko.

"Maman…"

"Sema tu, mwanangu."

Anaïs na Guylain walikuwa wamezunguka makaburini asubuhi nzima. Mlinzi aliwaeleza kwamba ardhi ni haba. Baada ya miaka michache mifupa hutolewa, na isiyo na ndugu wa kuidai hutiwa pamoja shimo moja. Alipolazwa Polycarpe sasa amelazwa mwingine, mwenye jiwe, picha na taa.

"Maji nimemwanga ku lile shimo, Maman. Sikujua nimwange wapi." Akaangua kilio.

"Usilie. Uko mu safari ya ndoa yako. Bahari ni muzuri?"

"Ni muzuri sana, Maman."

"Njo vile," akakubali.

Akarudi ndani. Kulikuwa na mzee asiyeweza kushika kijiko. Akamlisha supu mpaka bakuli likaisha, akampangusa kidevu. Kisha akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akampigia Berthe.

"Polycarpe amekufa."

Berthe alikuwa amesimama naye kaburini siku ile ya mvua. Hata hivyo hakuuliza kitu.

"Pole, dada. Tunakuja."

Wakaja, Berthe na watu wa kwao. Chumba cha Émérance huko Molenbeek kikajaa, wengine wakaketi kwenye ngazi. Wakamhani kana kwamba habari imefika leo kwa mara ya kwanza. Akajifunga kitenge kiunoni na kulia kwa sauti, kilio alichokibana kifuani tangu kisiwani. Anaïs alifika na sanduku lake mkononi, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, akaketi sakafuni karibu naye.

Jumatatu Émérance aliomba ruhusa ya msiba. Mkuu wa kazi alimpa pole, kisha akamwuliza mumewe amefariki lini. Émérance alifikiri kwanza.

"Mwezi huu," akasema.