Gari Linalovuta Pumzi

Tangu mazishi ya mumewe, Noelene Trebilcock alikuwa hajalipita gari lolote barabarani. Akikuta lori la kondoo mbele yake kwenye njia ya kwenda Adelaide, alikaa nyuma yake akila vumbi na harufu mpaka lori lifike lilikokuwa likienda. Broken Hill ni mji wa machimbo na kila mtu anajua gari la kila mtu, kwa hiyo habari ilienea. Wenzake wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali walisema Noelene akialikwa harusi atawahi ubatizo. Alicheka nao. Hakuwaambia kwamba viganja vyake vililowa kila alipoona taa nyekundu za lori kwa mbali.

Alikuwa mtu wa magari ya Holden. Baba yake alimfundisha kuendesha kwenye Holden ya silinda sita, akaolewa na Col, naye mtu wa Holden, na gari alilobaki nalo lilikuwa Holden vilevile: silinda sita, tatu huku na tatu kule, bila makeke. Ukikanyaga mafuta linakwenda, ukiongeza linaongeza. Wifi yake Dot, dada yake Col, ndiye aliyevuka mstari akaolewa na Merv, mtu wa Ford. Ford ya Merv nayo ilikuwa na silinda sita, zimepangwa katika safu moja, ila ilikuwa na tabo: feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Kila Krismasi, nyama zikiwa juu ya moto, Merv alianza.

"Sita zako na sita zangu ni zilezile, Col. Tofauti ni mapafu."

"Lako linavuta pumzi kwanza ndipo lijibu," Col alimrudishia. "Mtu ukimuuliza swali akavuta pumzi, ujue anatafuta uongo."

Walicheka wote, na Merv akicheka kuliko wote. Kisha Col akafa akijaribu kulipita lori karibu na Yunta, Noelene akiwa kiti cha pembeni. Baada ya mazishi, watu wakinywa chai ukumbini, Merv akasema kwa huzuni ya kweli, "Angekuwa na tabo, angepita." Noelene aliweka kikombe mezani, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hakukanyaga tena nyumbani kwa Merv.

Alichokijua yeye peke yake ni kwamba injini haikuwa na kosa. Katikati ya kulipita lori, Col aliona gari likija mbele. Nafasi ilikuwepo. Akasita, akaachia mafuta.

Dot alikuja kubisha hodi asubuhi moja, mkono ameegemeza mlangoni.

"Wifi, kuna pazia jeusi linashuka ndani ya jicho langu."

"La kulia?"

"Lingekuwa la kushoto ningekuja kukusumbua?"

Jicho la kushoto la Dot lilikuwa bovu tangu utotoni. Lilitofautisha mchana na usiku, basi. Alikuwa ametoka kwa mpimaji wa macho, naye alikuwa amemwambia waziwazi kwamba utando wa nyuma ya jicho unabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Daktari wa upasuaji Adelaide angemsubiri hadi alasiri. Pazia likifika katikati, jicho halirudi kuwa lilivyokuwa. Ndege ya asubuhi ilikuwa imekwisha kuondoka. Merv alikuwa machimboni Cobar mpaka Ijumaa. Holden ya Noelene ilikuwa gereji, rejeta imevunjwa na kangaruu.

Dot alikunjua kiganja. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa Ford.

"Hakuna mtu mwingine wa kukupeleka?"

"Angekuwepo ningekufuata wewe, unayeendesha kama umebeba mayai?"

Waliondoka. Mpaka walipovuka mpaka wa jimbo pale Cockburn barabara ilikuwa tupu, na Noelene alianza kudhani huenda Mungu amemhurumia. Alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo haujagusa kiti.

"Limefika wapi?" aliuliza kila baada ya muda.

"Sioni tena paa."

Kisha, mbele ya Olary: "Sioni tena kioo kidogo cha juu."

Walipopita Mannahill, wakakuta msafara. Gari la kusindikiza lenye taa za njano lilikuwa nyuma, na mbele yake trela lililobeba bodi ya lori la machimboni, chuma kipana kama nyumba, kimechukua upande wao wote na zaidi ya nusu ya upande wa pili. Lilitambaa. Noelene akapunguza mwendo.

"Tutalifuata mpaka Yunta," alisema. "Pale litaegesha."

"Wifi."

"Litaegesha, Dot."

"Kwa mwendo huu nitafika Yunta nikiongozwa kwa fimbo. Washa redio ya Merv."

Redio ya upepo ilikuwa chini ya dashibodi, tayari kwenye masafa ya madereva wa malori. Dot akapapasa, akachomoa kipaza sauti chake, akasema walikuwa na mgonjwa ndani ya Ford nyekundu. Sauti ya mwanamume wa gari la kusindikiza ikajibu papo hapo, imepoa, ya mtu anayefanya kazi hiyo kila siku.

"Nimekuona, Ford nyekundu. Mwenzangu wa mbele anasema njia nyeupe. Dereva atakupa nafasi. Njoo, dada."

Trela likasogea kushoto mpaka magurudumu yake yakatimua vumbi. Noelene akatoka upande wa kulia, magurudumu mawili kwenye lami na mawili kwenye changarawe, akakanyaga mafuta kama anavyokanyaga kwenye Holden. Hakikutokea kitu. Gari lilitulia, kana kwamba halikumsikia, na ule ukuta wa chuma ukawa pembeni yake, juu yake, ukiziba jua. Akaachia, akarudi nyuma.

"Mbona umerudi?" Dot alimgeukia kwa jicho ambalo halikumwona vizuri. "Lilikuwa linavuta pumzi tu!"

"Limekataa!"

"Halikukataa. Umemuuliza mtu swali ukaondoka kabla hajajibu. Kanyaga mpaka chini, halafu kaa hapohapo."

"Siwezi, wifi."

"Naona nusu ya uso wako," alisema Dot. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ya chini."

Redio ikakoroma. "Ford nyekundu, bado njia ni yako. Kuna bonde mbele, baada ya hapo siwezi kuahidi."

Noelene alitoka tena. Akakanyaga mpaka chini. Ule ukimya ukaja tena, ule wa kutisha, na ndani yake akauona mkono wa Col kwenye usukani, kidole chenye pete kikicheza. Kisha Ford ikajibu. Ilijibu yote kwa mara moja, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Nyuma ikateleza kwenye changarawe, mawe yakapiga chini ya gari, naye akapiga kelele bila kujua anasema nini.

Hapo ndipo gari jeupe lilipochomoza kutoka bondeni.

"Lipo moja, mwenzangu hakulitaja!" ilisema sauti, sasa haijapoa hata kidogo. "Usiachie, dada! Usiachie!"

Kila kiungo chake kilitaka kuachia. Goti lilikuwa limekwisha kuanza kuinuka. Aliweka mkono wa kushoto juu yake, akalikandamiza kama mtu anayezamisha nguo kwenye beseni, akaendesha kwa mkono mmoja. Ukuta wa chuma ukaisha. Kichwa cha trela kikapita. Akakata kushoto, na lile gari jeupe likapita na honi ndefu iliyobaki masikioni mwake mpaka Yunta.

Baadaye kidogo Dot alisema anasikia baridi, akamwomba Noelene afunge dirisha. Noelene akamwambia halikuwa wazi.

Upasuaji ulifanyika alasiri ileile. Jioni Merv alimpigia Noelene simu kutoka Cobar.

"Shemeji. Ahsante. Gari... halikukusumbua?"

"Linavuta pumzi kabla ya kujibu," alisema Noelene.

"Col alikuwa akisema hivyo."

"Alikuwa sahihi. Na hata lako lisingemsaidia, Merv. Aliachia mafuta. Nilikuwepo."

Wiki iliyofuata alikwenda Adelaide kumchukua Dot kwa Holden yake, yenye rejeta mpya. Jicho liliona, bado mawimbi-mawimbi, lakini liliona mabango, liliona mbuni, liliona kila kosa la uendeshaji. Baada ya Yunta wakakuta lori la kondoo. Dereva akawasha taa kuwaashiria kwamba njia ni nyeupe. Barabara ilikuwa imenyooka, tupu mpaka macho yalipoishia.

Viganja vya Noelene vililowa. Dot alimtazama kwa jicho lake zima, akafungua mfuko wa biskuti, akampa moja.

Wakalifuata lile lori mpaka Olary.