Keki ya Ndizi Kavu

Mke wangu alipolazwa Lubumbashi kupasuliwa nyongo, binti yetu ndiye aliyekwenda kumuuguza. Mimi nilikuwa na mafua makali, nikakatazwa kumkaribia, nikabaki Likasi.

Asubuhi ya upasuaji sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Simu niliiweka mezani, nikaifuata pale pale. Mwishowe nikaamua kuoka keki ya zabibu anayotuokea siku za sikukuu, ingawa mikono yangu, iliyozeekea kwenye mashine za kiwanda, ilikuwa haijawahi kukanda unga.

Sokoni zabibu kavu hazikuwepo. Mama anayetuuzia unga alinitolea mfuko wa ndizi zilizoanikwa kule Kapolowe, nyeusi, ngumu kama ngozi.

“Papa, ulowanishe kwanza mu chai ya moto,” aliniambia. “Ukiweka vile iko, itanyonya maji yote ya keki. Na sukari upunguze.”

Nyumbani nilizikatakata, nikazimwagia chai. Lakini kungoja ndiko nilikokuwa nakukimbia. Kila mara nilifunua bakuli, nikabonyeza kipande kwa kidole. Nilizitoa kabla hazijalainika, nikazichanganya na unga, nikabandika sufuria kwenye jiko la mbabula, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Kisha nikawa natembea, kutoka jikoni hadi kwenye simu, kutoka kwenye simu hadi jikoni.

Simu ililia wakati harufu ya kuungua imeshaanza. Binti alisema mama yake ametoka salama, bado amelala. Niliketi chini sakafuni, na keki nikaiacha iungue. Nilipoifunua, ndizi zote zilikuwa zimezama chini, ngumu vile vile.

Mke wangu aliporudi nilioka nyingine. Safari hii ndizi zililala kwenye chai hadi zikavimba, nikazipaka unga mkavu zisizame. Nilimkatia kipande chembamba. Alitafuna polepole, macho yake kwangu.

“Njo nini hii?”

Nilimwambia ni ndizi, kwamba sokoni zabibu hazikuwepo, na kwamba ya kwanza niliiunguza siku ile ya upasuaji.

“Iko muzuri,” alisema. “Lakini weye ulikuwa na woga.”

Sikukataa. Hata sasa, akienda Lubumbashi kupimwa tu, tunapanda gari wote wawili, mafua au si mafua.